Kumfuata mke Mwanza: jibu kwa ndugu wa Kitale

Mkuu, pole na mawazo, na hongera kwa ujauzito wa shemeji. Kwa wanaoingia sasa hivi: mleta mada ni Mkenya wa Kitale, fundi wa simu. Mke wake ni Mtanzania, mwalimu wa sekondari ya serikali huku Ilemela, Mwanza, ana mimba ya kwanza na hawezi kuacha ajira yake. Jamaa anauliza ahamie Mwanza au la, karatasi gani zinatakiwa, na kama anaweza kufungua kibanda cha simu pale Kirumba maisha yakaanza. Ameuliza pia watu watamchukuliaje, mwanamume aliyemfuata mke.

Mimi ni wa Busia, upande wa Kenya. Mke wangu ni nesi, kwao ni Magu, na tulipooana yeye ndiye aliyekuwa na ajira ya kudumu, kwa hiyo mimi ndiye niliyehama. Tunaishi Buswelu na watoto wetu wawili wamezaliwa hapa hapa Mwanza.

Jibu langu ni kwamba uhame, ila uje na kazi, au uje na njia ya kuendelea kupata hela wakati unaitafuta kazi. Karatasi utazipata, chakula utakizoea. Kinachowamaliza wanaume waliomfuata mke ni kushinda nyumbani bila shughuli, hata nauli ya daladala unaomba, na mtaa mzima unakujua kama mume wa mwalimu. Nimeona ndoa za Wakenya wenzetu huku zikivunjika kwa hilo, na walikuwa watu wanaopendana kabisa.

Kwanza kibanda cha simu kitoe kichwani leo. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na ufundi wa simu na vifaa vya elektroniki umetajwa humo. Uwakala wa pesa za simu umo. Saluni imo, isipokuwa iwe ndani ya hoteli au kwa ajili ya utalii. Duka la rejareja limo. Hata kwenda shambani kununua mazao kumo. Ukikutwa, faini haipungui shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili, na kibali chako cha kuishi nchini kinafutwa. Kenya ililalamika ikakumbusha Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki iliyoanza kutumika mwaka 2010, lakini wewe huwezi kwenda kujenga maisha ya mtoto wako juu ya malalamiko ya mawaziri.

Najua hapo chini atakuja mtu akwambie fungua kwa jina la mke. Tafadhali usifanye hivyo. Raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo naye ana adhabu yake, faini ya milioni 5 au jela miezi 3, na mke wako ni mtumishi wa umma. Akitaka kuwa na duka lake kweli, alisimamie yeye na aajiri kijana, hiyo ni haki yake. Wewe kukaa kaunta na bisibisi mkononi ni jambo jingine.

Sasa karatasi. Umesema mmefanya ndoa ya kimila tu, mahari imekwenda, cheti hamna. Huko nyumbani mmeoana na hakuna wa kuwapinga, lakini ofisa wa Uhamiaji anataka kuona cheti. Kenya ndoa ya kimila inaweza kusajiliwa tangu Sheria ya Ndoa ya 2014. Kama mnaona ni rahisi zaidi kufungia Tanzania, kuna ndoa ya bomani, inayotanguliwa na tangazo la siku 21. Chagueni mojawapo na mlifanye kabla mtoto hajazaliwa, maana baada ya hapo hamtakuwa na nafasi ya kukimbizana na ofisi.

Mimi nilianza na hati ya mtegemezi, mwenyeji wangu akiwa mke. Hati hiyo inakuruhusu kuishi, haikuruhusu kufanya kazi. Kazi ina kibali chake kinachotolewa na Kamishna wa Kazi kwa sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni, na anayekiombea ni mwajiri. Kikitoka, Uhamiaji wanakupa kibali cha ukaazi daraja B. Daraja A ni la mwekezaji au mtu aliyejiajiri, na kwa fundi wa hali yetu ile njia ni nzito. Mwajiri anatakiwa aeleze kwa nini hakupata Mtanzania wa kazi hiyo, na aonyeshe mpango wa namna Mtanzania atakavyoirithi. Hapo ndipo wengi wanakasirika. Mimi sikukasirika na sikasiriki hadi leo. Vijana wa hapa wamesoma na wanatafuta kazi kama vijana wa Kitale. Ninao wawili ninaowafundisha, mmoja keshaweza kufungua kompresa na kuirudisha bila mimi kusimama nyuma yake, na ninajivunia hilo.

Kazi yangu ni majokofu ya viwandani. Mwanza inaishi kwa samaki: sangara anatolewa minofu, anagandishwa, anasafirishwa nje, na minofu iliyogandishwa haitakiwi kupanda juu ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Umeme ukiyumba saa nane usiku, anayejua amonia, ile gesi ya kupoozea, inavyopita kwenye mabomba ndiye anayeamshwa. Ufundi wa namna hiyo mwajiri anaweza kuutetea mbele ya Kamishna. Kubadilisha kioo cha simu hawezi kuutetea. Lakini wewe umesema una diploma ya elektroniki na ulishawahi kufanya kazi ya mashine za hospitali huko Eldoret. Umeiandika kwa kupita tu, katikati ya sentensi, na mimi naona ndiyo mali yako kubwa kuliko kibanda. Mwanza ina hospitali za Bugando na Sekou-Toure, ina hospitali za binafsi na maabara, ina viwanda vya samaki vyenye mizani na mashine za kufungashia. Cheti chako kipeleke NACTVET, baraza la Tanzania la elimu ya ufundi, kitambuliwe, na barua za waajiri wa zamani zitafute ukiwa bado Kenya, maana ukishavuka ni shida kumpata mtu wa kukusainia.

Kipindi cha kungoja kibali ndicho nataka nikae nacho, kwa sababu hakuna aliyeniambia habari zake na ndicho kirefu.

Mke anaondoka asubuhi, wewe unabaki. Unaosha vyombo, unafagia, unaenda Kirumba Mwaloni kununua dagaa, saa nne asubuhi umemaliza kila kitu. Kazi za nyumbani hazina aibu yoyote, na hadi leo nikiwa zamu ya usiku mchana napika mimi. Tatizo ni kwamba mikono iliyozoea kazi inaanza kumchokoza mwenye nyumba. Unaanza kuuliza kwa nini mke amechelewa. Unahesabu hela zake. Maneno madogo yanageuka kesi. Sisi tulikubaliana mambo mawili kabla sijavuka mpaka, na ninaamini ndiyo yaliyotuokoa. La kwanza, nisifunge kazi Kenya mpaka kibali kitoke. Nilikuwa naitwa Busia au Kisumu kwa kazi ya siku chache, nafunga jokofu la bucha au la hoteli, narudi. Kwa hiyo kibanda chako cha Kitale usikiuze. Mwachie mdogo wako akisimamie, na wewe uwe unakwenda na kurudi. Barabara ni moja hiyo, Kisumu, Migori, Sirari mpakani, Tarime, Bunda, Lamadi, Magu, unaingia Mwanza. Hela ya huko inatumwa kwa M-Pesa kutoka Kenya hadi Tanzania, huduma hiyo ipo tangu 2015.

La pili, tulikaa na mshahara wake mezani kabla ya kuanza kuishi pamoja. Tukasema hiki cha kodi, hiki cha chakula, hiki cha wazazi wa Magu, na hiki kinaingia mkononi kwangu kila mwisho wa mwezi bila mimi kukiomba. Kilikuwa kidogo. Ila mwanamume anayekwenda kijiweni akiwa na hela yake ya kahawa anasalimiana na watu tofauti na yule anayekwepa kijiwe. Mwambie mkeo mliongee hili sasa, kwenye simu, kabla ya mtoto. Asipokuelewa, mweleze tena.

Kuhusu watu watakuchukuliaje. Huku watasema umeolewa. Kwenu pia watasema, na wa kwenu watauma zaidi. Baba yangu mdogo alinitamkia mbele ya wazee kwamba nimekwenda kuzaa watoto wa ukoo mwingine. Sikubishana naye. Mke wangu alikuwa na pensheni ya kulinda, mimi nilikuwa na ufundi unaobebeka, nikabeba. Hayo ndiyo mahesabu ya kwako pia, na kama umeshayakubali moyoni, maneno yatapungua yenyewe.

Lakini heshima ya huku haiji kwa kungoja. Nilipofika, baba mkwe aliniita Magu. Ni mzee wa ng'ombe na pamba, haongei sana. Tulikaa chini ya mwembe akanitazama, akaniita mkwilima, yaani mkwe, akasema, "Mkwilima, wewe una mikono. Msiba ukitokea pale mtaani, usisubiri kuitwa. Chukua sururu uende."

Nikamjibu, "Nimesikia, baba."

Ulitokea mapema kuliko nilivyodhani. Mama mmoja wa nyumba ya tatu alifariki na akazikwa hapa hapa. Ardhi ya Mwanza unaifahamu, ukichimba kidogo unakutana na mwamba. Nilichimba na wanaume wa mtaa kuanzia alfajiri, tukapokezana sururu, na usiku nikakaa nao kwenye moto nje ya turubai. Hakuna aliyeniuliza nina kibali gani. Siku zilizofuata watu walinisalimia kwa jina langu. Baadaye mwenyekiti wa mtaa mwenyewe ndiye aliyeniambia nijiandikishe kwenye chama cha kufa na kuzikana, na ninalipa kila mwezi hadi leo. Huyo mwenyekiti mfahamu wiki ya kwanza. Nenda na mkeo, beba pasipoti yako, jiandikishe kwenye daftari la wakazi. Barua za utambulisho utakazoombwa na ofisi mbalimbali zinaanzia kwake.

Wasukuma ni watu wa salamu na hawana haraka. Jifunze mwangaluka ya asubuhi na mwadila ya mchana, na ukipewa kitu sema wabeja. Kwa wakwe usiende mikono mitupu na usiondoke kabla hujala, hata kama ni michembe tu, viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai. Mengine shemeji atakuelekeza.

Kuna jambo la ardhi, na hili liwekeni wazi. Sheria ya Ardhi ya 1999 hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji. Kiwanja chetu cha Buswelu kiko kwa jina la mke wangu, na kila tofali nililolinunua liko juu ya kiwanja hicho. Nimeridhia. Kama wewe huwezi kuridhia, pangeni nyumba, msijenge, kuliko kujenga huku moyo unanung'unika.

Uraia umeugusia pia. Hapa mwanamume na mwanamke hatuko sawa, na kwangu mimi si haki. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa ndoa. Mwanamume aliyemwoa Mtanzania anapita njia ya tajinisi, yaani kuomba uraia kama mgeni mwingine yeyote: uwe umeishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na kabla ya hiyo uwe umekaa jumla ya miaka isiyopungua 7 ndani ya miaka 10. Tena Tanzania haikubali uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, kwa hiyo ungetakiwa kuukana wa Kenya. Mimi sijaomba na sina mpango. Kwa hiyo tunza vibali vyako, kila kimoja na tarehe yake ya kuisha, na uanze kuhuisha mapema.

Mtoto wako hana shida hiyo kwa sasa. Akizaliwa Mwanza kwa mama Mtanzania ni Mtanzania, na kwa Katiba ya Kenya ya 2010 ni Mkenya pia kwa kuzaliwa, popote alipozaliwa, maana baba ni Mkenya. Akitimiza miaka 18 sheria ya Tanzania itamtaka achague. Mchukulieni cheti cha kuzaliwa mapema, jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti yako, herufi kwa herufi, kwa sababu tofauti ya herufi moja italeta maswali kila mara utakapovuka naye kwenda kuwaona babu na bibi.

Ukija, beba cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na chuo, cheti cha tabia njema cha polisi wa Kenya, vyote halisi pamoja na nakala. Sirari ofisi za nchi zote mbili ziko pamoja siku hizi, hupotezi muda. Gonga muhuri wa kutoka na wa kuingia kila safari. Pale vijana wa bodaboda watakuita wakuvushe kwa njia za mashambani, kwa sababu wanaona una mizigo. Kataa, panga foleni. Na hiyo kazi ya mashine za hospitali, tuandikie hapa ulikuwa unashughulika na mashine zipi hasa, nami nitawauliza mafundi ninaowafahamu huku nani anaajiri.