Mwili utazoea, upe wiki mbili

Unauliza kama utawahi kuzoea joto la kiangazi huko ulikohamia. Utazoea ndugu yangu, ila si kwa kujifungia ndani kutwa. Mwili huchukua kama siku 7 hadi 14 kujirekebisha: unaanza kutokwa na jasho mapema zaidi, na jasho lenyewe linapungua chumvi. Kwa hiyo toka kidogo kidogo kila siku, asubuhi au jioni. Saa sita hadi saa kumi tafuta kivuli.

Kosa langu la mwaka wa kwanza lilikuwa madirisha. Nilikuwa nayaacha wazi mchana kutwa nikidhani napata upepo, kumbe nakaribisha tanuri. Funga madirisha na mapazia jua likiwa kali, fungua usiku hewa ikipoa. Usingizi ukigoma, lowesha fulana, ikamue, ivae, kaa mbele ya feni. Inachekesha, lakini utalala.

Maji usisubiri kiu. Na ukiona mtu anachanganya maneno huku mwili unawaka moto, huo si uchovu: mmwagie maji, mpepee, piga simu ya dharura papo hapo.