Uamuzi ni wa Manusura: Niliyojifunza Katika Miaka ya Kuwasindikiza

Mwanamke wa kwanza niliyejaribu kumsaidia alinikimbia, na sababu ilikuwa haraka yangu mwenyewe. Alikuja jioni moja, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayejiandaa kuondoka wakati wowote, akanieleza kwa sentensi fupi fupi jinsi mumewe alivyokuwa akimpiga kwa miaka minne. Kabla hajamaliza, mimi nilikwisha kupanga kila kitu kichwani mwangu. Kesho yake asubuhi, bila kumwuliza, nilimpigia simu kaka yake na kumweleza yote, kwa kuwa niliamini kwamba ndugu wa damu akijua, ulinzi utapatikana. Kaka yule alikwenda moja kwa moja kumkaripia shemeji yake. Usiku huo yule mwanamke alipigwa kuliko siku zote, na tangu hapo hakupokea tena simu yangu.

Nimekuwa nikijitolea katika kikundi cha kuwasindikiza manusura wa ukatili wa kijinsia kwa miaka 12 sasa, na ushauri wangu wote unatokana na kosa lile. Huruma nilikuwa nayo tele. Nililokosa ni kuelewa kwamba ukatili huu, uwe wa ndoani, wa kazini au wa mtu baki, humnyang'anya mtu mamlaka juu ya mwili wake na maisha yake. Nami, kwa nia njema kabisa, nilimnyang'anya kile kidogo kilichobaki, yaani haki ya kuamua nani ajue, ajue nini, na ajue lini.

Niseme kidogo kuhusu neno lenyewe. Wengi bado huwaita watu hawa wahanga, na ninaelewa kwa nini, kwa sababu neno limezoeleka. Lakini mhanga katika Kiswahili ni aliyetolewa kafara, aliyekwisha. Manusura ni aliyeponea chupuchupu, na aliyeponea bado ana safari mbele yake na bado ana kauli. Hata hivyo, sijawahi kumsahihisha mtu anayejiita mhanga mwenyewe. Jina la kujiita ni lake.

Mazungumzo ya kwanza ndiyo yanayoamua mambo mengi, nayo hutokea mara chache sana mbele ya mtaalamu. Hutokea kwa jirani, kwa dada, kwa mfanyakazi mwenzake, kwa kiongozi wa dini. Ikiwa leo ni zamu yako kusikia, sikiliza mpaka mwisho, kisha mwambie kwamba unamwamini na kwamba aliyetenda ndiye mwenye kosa. Maneno hayo mawili yanaonekana madogo, lakini nimewaona watu wakilia kwa kuyasikia kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Jiepushe na maswali yanayoanza na "kwa nini": kwa nini ulikwenda, kwa nini hukupiga kelele, kwa nini hukuondoka. Anayeuliza huwa anatafuta kuelewa tu, ila anayeulizwa husikia mashtaka.

Swali la kelele linastahili maelezo zaidi, kwa maana limewaharibia watu wengi kesi na heshima. Mwili wa binadamu ukizidiwa na hofu haupigani wala haukimbii kila mara. Mara nyingi huganda, misuli ikakataa kutii, sauti ikakwama. Hilo halitokani na ridhaa wala na udhaifu. Vivyo hivyo kumbukumbu za tukio la kutisha huweza kuja vipande vipande, leo harufu, kesho rangi ya pazia, mfuatano wa saa ukiwa umevurugika. Msikilizaji asiyejua haya huona uongo mahali ambapo kuna jeraha. Basi usimhoji kama mpelelezi, na usimlazimishe kurudia simulizi kwa kila mtu mpya anayefika. Ukiwa umemsindikiza, mwombe ruhusa ya kueleza mambo ya msingi kwa niaba yake ili asiyarudie mara tano kwa siku moja.

Kuna mambo machache ambayo hayasubiri, na hapo msaidizi lazima ajue saa zake. Mtu aliyebakwa anapaswa kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zinazojulikana kama PEP, ndani ya saa 72, na kila saa inayotangulia ina faida. Dawa hizo huendelea kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika hadi siku 5 baada ya tukio, ingawa nguvu yake hupungua kadiri muda unavyosonga. Zipo pia tiba ya magonjwa ya zinaa na chanjo ya homa ya ini aina ya B. Ikiwa anafikiria kushtaki, ni vema asioge kwanza, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hutunza unyevu unaoharibu ushahidi. Lakini kama amekwisha kuoga, usimlaumu hata kwa macho. Ushahidi mwingine huweza kubaki, na matibabu anayahitaji vilevile. Kazi yako ni kumweleza haya kwa lugha nyepesi, kumwuliza anataka nini, na kwenda naye. Kumwelekeza kwa kidole na kumsindikiza ni vitu viwili tofauti kabisa, hasa kwa mtu ambaye hajawahi kuingia ofisi yoyote peke yake.

Jambo moja zaidi la kiafya ambalo jamii nyingi hulichukulia kirahisi ni kukabwa shingo. Mtu akikusimulia kwamba alikabwa, hata kama hakuna alama yoyote, mshauri kwa uzito wote amwone daktari, kwa kuwa mishipa ya shingo huweza kuumia kwa ndani na madhara yakajitokeza siku kadhaa baadaye. Zaidi ya hayo, mwanamume aliyewahi kumkaba mwenzi wake ni wa kuogopwa kuliko wengi. Kukabwa ni mojawapo ya ishara kubwa kwamba mwanamke anaweza kuuawa na mtu huyo siku za mbele.

Hapo ndipo swali la "kwa nini haondoki" linapopata jibu lake. Wakati wa kuondoka, na majuma yanayofuata, ndio wakati wa hatari kubwa zaidi, kwa sababu mtu aliyezoea kutawala huona utawala unamponyoka. Mwanamke anayebaki mara nyingi anapiga hesabu ambazo sisi wa nje hatuzioni: watoto watalala wapi, fedha ziko kwa nani, je, atanifuata? Kwa hiyo siku hizi simwambii mtu aondoke. Tunakaa pamoja tukapanga usalama wake akiwa bado palepale: chumba kipi kina mlango wa pili na kipi hakina kitu kinachoweza kugeuzwa silaha, jirani yupi anaweza kuambiwa neno la siri ambalo maana yake ni "niitie msaada", nakala za vitambulisho na vyeti vya watoto zitatunzwa na nani nje ya nyumba, na simu yake inafuatiliwa au la. Hili la mwisho tulilipuuza zamani, na halipuuziki tena. Mpango huo hubadilika kila juma, na anaweza kuuacha kabisa. Wengi huondoka na kurudi mara kadhaa kabla ya kuondoka moja kwa moja, na msaidizi anayekasirika mara ya pili hatakuwepo mara ya tano.

Jamii inayomzunguka ina nguvu kuliko sisi wote tunaojitolea, kwa heri na kwa shari. Nimeona familia zikiharakisha suluhu ili aibu isienee, manusura akiketishwa chumba kimoja na aliyemtesa na kuombwa asamehe mbele ya watu. Suluhu ya namna hiyo hudhani kwamba wawili hao wanazungumza wakiwa sawa, ilhali mmoja anajua atakachofanyiwa wakirudi nyumbani. Upo pia umbea, ambao hujivika joho la kujali: "nimekuambia wewe tu ili umwombee". Ukitaka kupima kama kikundi chenu kinafaa, angalieni habari za manusura zinaishia kwa watu wangapi.

Mabadiliko ya jamii yanawezekana, na hili silisemi kwa matumaini matupu. Mpango wa SASA!, ulioanzishwa na shirika la Raising Voices, ulijaribiwa mjini Kampala kwa kuwatumia wanajamii wa kawaida waliofundishwa kuanzisha mazungumzo kuhusu mamlaka kati ya wanawake na wanaume. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionesha kwamba ukatili wa kimwili wa wenzi katika mwaka uliotangulia ulikuwa pungufu kwa takriban asilimia 52 katika maeneo yaliyoshiriki, yakilinganishwa na yale ambayo hayakushiriki. Kilichonivutia ni kwamba waliofanya kazi hiyo walikuwa majirani.

Utetezi wa hadharani nao una miiko yake. Kila mwaka tarehe 25 Novemba, siku waliyouawa akina dada watatu wa Mirabal, wanaharakati waliopinga udikteta katika Jamhuri ya Dominika, mwaka 1960, huanza siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia zinazoishia tarehe 10 Desemba, Siku ya Haki za Binadamu. Waandalizi huhangaika kumpata "manusura wa kuzungumza", na nimewahi kushuhudia msichana akipewa kipaza sauti asubuhi, akipigwa picha, akipigiwa makofi, na jioni akirudi peke yake mtaani ambako kila mtu sasa anamjua kwa jambo hilo moja. Ridhaa ya kusimulia hutolewa kwa kila tukio na kila picha, na inaweza kuondolewa hata dakika ya mwisho bila mtu kunung'unika. Anayetaka kusema asaidiwe kusema, tena alipwe nauli na muda wake kama mzungumzaji mwingine yeyote. Asiyetaka, zipo takwimu zinazotosha kuamsha ukumbi: kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2021, karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amepata kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono maishani mwake, na mara nyingi mtendaji ni mwenzi wake. Baada ya makofi, ombeni vitu vinavyopimika: bajeti ya nyumba salama, dawa zisizokatika, chumba cha faragha mahali pa kutolea taarifa.

Kanuni ya kumwachia manusura uamuzi ina mpaka wake kwa watoto. Mtoto anapodhurika, mtu mzima hana anasa ya kungoja, na sheria za nchi nyingi humtaka atoe taarifa. Mwambie mtoto ukweli huo mapema, wala usimwahidi siri utakayolazimika kuivunja. Wanaume na wavulana nao wamo miongoni mwa manusura, na hunyamaza zaidi kwa kuogopa kuchekwa. Tunayoyasema kwa dada tuwaambie na kaka.

Kwa wasaidizi wenzangu nina neno moja tu: msifanye kazi hii peke yenu. Mimi niliwahi kukaa miezi mitatu bila usingizi wa maana, nikiona fahari kuubeba mzigo huo kimyakimya, hadi nilipoanza kuwajibu watu kwa ukali. Tafuta mtu wa kumwambia uliyoyasikia, bila majina.

Yule mwanamke wa kwanza alirudi, baada ya mwaka mmoja na nusu. Nilimwomba radhi kabla ya salamu kukamilika. Hakunijibu kuhusu hilo. Alitoa bahasha kwenye mkoba wake na kuniuliza kama ningeweza kumtunzia, pasipo kuifungua na pasipo kumwambia mtu. Niliitunza kwa miezi saba. Siku aliyokuja kuichukua alikuwa na watoto wake wawili, na gari lilikuwa linamsubiri nje.