Mama ana kisukari lakini halalamiki: apimwe tu?

Dada, umesema mama ana kisukari aina ya pili mwaka wa nne sasa, sukari imetulia, na hajawahi kupimwa macho wala figo kwa kuwa haumwi popote. Tafadhali mpeleke mwezi huu. Retina (utando wa ndani nyuma ya jicho unaopokea mwanga) huharibika kimya kimya. Aina ya pili hupimwa tangu inapogundulika, kisha kila mwaka: kwa figo, mkojo kuangalia albumini (protini inayovuja figo zikidhurika) na damu kuangalia kreatinini (taka ambayo figo huchuja), na macho kwa matone ya kupanua mboni (asindikizwe, ataona ukungu kwa saa kadhaa). Miguu ndiyo husahaulika sana. Avue viatu na soksi, afumbe macho, aguswe nyayo kwa kiuzi chembamba cha plastiki cha kupimia hisia, aseme anapohisi. Wasipomgusa miguu, ombeni. Nyumbani mkague katikati ya vidole kila jioni, na asitembee pekupeku hata uani.