Muulize Fundi: Spana ya 13 imemaliza nati ya Morris

SWALI: Mzee, pokea salamu zangu. Marehemu baba aliniachia Morris Minor ya 1964 na nimeamua kuifufua mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi. Nilinunua sanduku la zana lenye vipande 108, vyote vya milimita. Nati ya kwanza tu, ya manifoldi ya ekzosi, spana ya 12 ilikataa kuingia. Ya 13 iliingia, ikazunguka, na sasa nati imekuwa duara. Nifanye nini, na ninunue nini bila kumaliza mshahara? *Kijana wa Umoja*

JIBU: Pole kwa kuondokewa na mzee, na hongera kwa kutoliuza gari lake.

Mwanangu, spana yako si mbovu. Ni ya gari lingine. Morris yako ilitengenezwa Uingereza wakati nati zao zilipimwa kwa inchi, na hiyo nati ya manifoldi ni ya nusu inchi kutoka ubavu hadi ubavu, yaani milimita 12.7. Ndiyo sababu ya 12 haikuingia. Ya 13 iliacha nafasi ya milimita 0.3, ambayo machoni ni kama hakuna, lakini ukiweka nguvu za mkono mzima spana inashika pembe peke yake na kuziparuza. Ya 9/16 ni mbaya zaidi: ni milimita 14.3, kwa hiyo ya 14 haiingii na ya 15 inacheza kama mlango usio na bawaba. Inayokubaliana na milimita bila ugomvi ni 3/4, kwa sababu ni 19.05. Hapo spana yako ya 19 itafanya kazi, kwa hiyo usilitupe sanduku.

Tena sanduku hilohilo ndilo litakaloiokoa nati. Tafuta soketi ya 12 yenye pembe sita ndani, si kumi na mbili. Lowesha nati kwa mafuta ya kulegeza kutu jioni, uiache ilale hivyo. Asubuhi igongee hiyo soketi juu ya nati kwa nyundo, polepole, mpaka ijichimbie. Zungusha kidogo kulegeza, rudisha kidogo, legeza tena. Ukisikia inanyumbuka badala ya kuzunguka, simama, uongeze mafuta na usubiri, maana bolti iliyosimikwa kwenye injini ikikatika utakuwa na kazi ya wiki. Wakati wa kufunga weka nati za shaba, hizo hazishikani na kutu ya ekzosi.

Sasa manunuzi. Spana tatu ndizo zitakazoshika sehemu kubwa ya gari hilo: 7/16, 1/2 na 9/16. Ukipata na 5/8, 11/16 na 3/4 umetosheka kwa miezi mingi. Chukua zenye ringi upande mmoja na mdomo wazi upande wa pili, na ringi ndiyo uitumie kwanza kila inapoingia. Tafuta herufi AF kwenye chuma, yaani namba yake ni inchi za nati kutoka ubavu hadi ubavu. Ukienda Gikomba kwa wauza vyuma vya mtumba utakuta spana nzuri sana za zamani za Kiingereza, King Dick, Britool na nyingine, lakini angalia herufi kabla ya bei. Ikiandikwa W au BS, hiyo ni ya mpango wa Whitworth, ulioanza 1841, ambao namba yake inataja unene wa bolti wala si upana wa kichwa. Spana ya 1/4 W ina mdomo wa milimita 13.3, kubwa kuliko 1/2 AF. Nimeona vijana wakirudi nyumbani na spana sita zisizoshika hata nati moja ya gari lao.

Kwa hiyo usiende sokoni na karatasi. Nenda na nati. Fungua moja nzima ya kila ukubwa, zioshe kwa mafuta ya taa, zitie mfukoni. Pale kwa muuzaji visha spana kwenye nati, uishike kwa vidole viwili mwishoni kabisa na uitikise. Ikisogea kidogo sana kabla ya kushika, ni nzuri. Ikipita kama inatafuta pa kushika, mdomo wake umeshatanuka. Irudishe hata kama bei ni ya bure.

Kuna spana moja ninayokuomba usiikwepe, ile ya mabomba ya breki. Ni ringi iliyokatwa kidogo ili ipite juu ya bomba kisha ikumbatie nati. Yako itakuwa 7/16. Nilipokuwa na miaka kumi na saba, kwenye gereji ya mjomba Kirinyaga Road, ambayo sote bado tunaiita Grogan, nilifungua nati ya breki kwa spana ya mdomo wazi. Nati ililika, nikang'ang'ana, bomba likajisokota kama kitambaa kinachokamuliwa. Mwenye gari alikuwa asafiri Nyeri siku hiyo. Mjomba hakunigombeza. Aliwasha taa, akakata bomba jipya, akalikunja akifuatisha lile la zamani, na ikawa saa nne usiku. Kesho yake akanipa spana hiyo ya ringi iliyokatwa. Ninayo hadi leo, na mahali pa kidole gumba pamekuwa laini kama kipande cha sabuni.

Ongeza bisibisi bapa mbili zenye ncha inayojaza mfereji wa skrubu (breki za mbele zina virekebishi viwili kila gurudumu, na vyote ni vya bisibisi bapa), na fila geji, vile vibati vya kupimia mianya: mwanya wa vali ni inchi 0.012 injini ikiwa baridi, wa ponti za distribyuta ni 0.015. Spana ya kupimia ukazaji azima kwa sasa. Utaihitaji siku ya silinda hedi, ambayo hukazwa futi-pauni 40.

Halafu kitu ambacho hakimo kwenye vipande vyako 108: bomba la grisi. Miguu ya mbele ya Morris Minor hugeukia kwenye nyuzi za chuma, kama za skrubu, zinazotegemea grisi. Zikikauka zinalika, na siku moja gurudumu linalala chini ya gari ukiwa barabarani. Mimi hutia grisi kila maili 1,000. Kama pesa inatosha kitu kimoja mwezi huu, nunua hilo kabla ya spana.

Na stendi mbili za chuma za kushikilia gari ukiwa chini yake. Si mawe ya ujenzi, si jeki peke yake. Naomba unisikie hapo.

SWALI: Fundi, nina Datsun 160J. Spana za milimita zinaingia vizuri, lakini skrubu za nyota kwenye kabureta zinaruka kila nikizifungua, na bisibisi ni mpya. *Msomaji, Ngara*

JIBU: Gari zuri. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally ya 1979 na 1980 kwa aina hiyo. Nyota ya skrubu za Kijapani haifanani na ya bisibisi za kawaida, na mara nyingi skrubu hizo zina kitone kidogo kichwani. Bisibisi yako ina ncha ndefu, kwa hiyo inagusa chini kabla ya mabawa kushika. Uliza bisibisi ya JIS, yaani ya kipimo cha Kijapani, kwa wauza vifaa vya pikipiki. Ukikosa, chukua ya kawaida ya namba 2 na upunguze ncha kwa tupa, kidogo kidogo, ukiijaribu kwenye skrubu kila mara, mpaka isimame yenyewe bila kushikwa.