Re: Toyota IST imegoma kuwaka hapa Kisasa, Dodoma, jirani ana lori la Fuso, nibusti (niiwashe kwa umeme wa betri yake)?

Pole mkuu. Hiyo Fuso usiiguse kabisa. Lori kubwa kama hizo kwa kawaida zina umeme wa volti 24, IST yako ni volti 12. Ukiziunganisha unaweza kuunguza kompyuta ya gari au hata kulipua betri. Subiri gari dogo lenye volti 12.

Kabla ya yote, angalia betri yako: ikiwa imepasuka, imevimba au inavuja, usibusti. Magari yasigusane, yazimwe yote mawili.

Waya mwekundu anzia chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Mweusi anzia hasi ya betri nzima. Ncha ya mwisho ndiyo wengi wanaikosea, hata mafundi: usiibane kwenye hasi ya betri iliyokufa! Ibane kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Betri hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche ya mwisho ikitokea hapo juu yake inaweza kukulipukia usoni. Na sigara isiwepo karibu, tafadhali.

Washa gari lenye betri nzima, subiri kama dakika 5, kisha jaribu lako. Likiwaka, toa nyaya kwa kurudi nyuma, ukianza na ile ya kwenye chuma.

Usilizime hapohapo. Endesha nusu saa hivi, hata mpaka Ihumwa na kurudi, halafu fundi umeme apime betri na oltaneta (kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka). Joto la Dodoma linachosha sana betri.