Unaanza biashara ya maua Mwanza? Nunua ndoo kwanza

Wiki hii dada mmoja wa Igoma kaniuliza anunue nini kwanza, maana anataka kufungua duka la maua na mtaji wake ni mdogo. Alikuwa na orodha tayari: friji la vioo, katoni za sponji ya kijani ya kuchomekea maua, riboni za kila rangi. Ndoo hazikuwamo. Nikamwomba aanze na ndoo.

Kazi hii nilifundishwa na mama mdogo miaka ya 1990, kwenye chumba cha uani karibu na Makoroboi. Aliagiza Arusha kwa simu ya mezani, mzigo ukaja na basi: mawaridi na kaneshoni, mengi yakiwa yale yaliyotolewa kwenye mzigo wa Ulaya kwa sababu shina ni fupi au limepinda. Kabla boksi halijafika, ndoo zote zilikuwa zimesuguliwa kwa sabuni, zikasuuzwa kwa maji yenye klorini kidogo, zikaanikwa juani. Mama mdogo alipitisha kidole ndani ya kila ndoo. Kikiteleza, unarudia kuosha. Ule utelezi ni bakteria. Wanaziba mirija ya shina, na ua linakufa kwa kiu huku limesimama ndani ya maji.

Boksi likifunguliwa, majani yote ya chini yanatolewa ili lisibaki jani ndani ya maji. Kila shina linakatwa mshazari, kama sentimita 2, kwa kisu kikali, kwa sababu mkasi wa kushonea unaliminya. Kisha maua yanapumzishwa kivulini saa kadhaa, hata kama mteja amesimama mlangoni. Friji hatukuwa nalo. Tulinunua bonge la barafu kule Mwaloni, la kuhifadhia samaki, tukaliweka kwenye karai katikati ya chumba na kufunga mlango.

Ijumaa moja nilitumwa stendi kupokea boksi la kaneshoni za harusi ya Jumamosi. Kwenye buti la basi lilikuwa limelaliwa na mikungu ya ndizi, nyingine zimeshaiva. Nilipolifungua nyumbani, maua yalikuwa yamejikunja kwa ndani, petali zimekuwa laini kama karatasi iliyolowa. Tuliyaweka kwenye maji mapya, tukangoja hadi usiku, hakuna lililofunguka. Ndizi zinapoiva hutoa gesi ya ethilini, na kaneshoni haiivumilii hata kidogo. Mama mdogo hakunigombeza. Alitoka alfajiri kwenda kuomba maua kwenye bustani za watu Capri Point, na bibi harusi akapambwa kwa bogenvilia na majani. Tangu hapo namsubiri utingo afungue buti mbele yangu, na kabla ya safari nampigia anayepakia: maboksi yangu yasikae na ndizi, embe wala parachichi.

Sasa sponji. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954, ikiletwa na Vernon Smithers wa Ohio. Kabla ya hapo wapambaji wa huko walishikilia maua kwa waya na kuvumwani, ile mimea midogo laini inayotanda penye unyevu, na Wajapani walikuwa na kenzan, kile kitako kizito chenye misumari. Kwetu sponji ilikuwa ghali, kwa hiyo mama mdogo alikunja senyenge ya kuku ikawa kama kiota, akaisokota ndani ya bakuli la maji. Shada la msiba alilisuka kwa matete ya ziwani na kamba ya katani, akalizungushia magome ya mgomba yaliyoloweshwa. Hadi leo meza za ukumbini natumia senyenge: maua yanakunywa maji yenyewe, na senyenge hiyohiyo naiosha na kuitumia mwaka mzima.

Ukilazimika kutumia sponji, usiizamishe kwa mkono. Iweke juu ya maji, iache izame yenyewe. Ukiisukuma, hewa inabaki katikati, na shina linalochomwa pale halipati hata tone. Yale maji uliyolowekea yachuje kwa kitambaa kabla ya kuyamwaga. Chembe zile ni plastiki, haziozi, na mitaro ya mji huu inaishia ziwani.