Siku Tatu za Wawili Jijini Mwanza

SWALI: Mhariri, mimi na mume wangu tutakuwa na mapumziko ya siku tatu mwezi Juni, nasi tunakusudia kutembelea Mwanza kwa mara ya kwanza. Tuone nini, na je, tunaweza kuogelea ziwani?
Msomaji, Tabora

JIBU: Dada, mwezi mmeuchagua vyema, kwa kuwa masika huwa yamekwisha na upepo wa ziwa hupunguza ukali wa jua. Jiwe la Bismarck, lililo jirani na kivuko cha Kamanga, halihitaji muda mrefu, lipitieni jioni. Kisiwa cha Saanane, ambacho kimekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, hufikiwa kwa boti baada ya mwendo mfupi kutoka Capri Point, na huko mtawaona pimbi wakiota jua maweni.

Hata hivyo, ningewasihi mtenge siku nzima kwa ajili ya Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, takriban kilomita 20 kutoka mjini, yaliyoasisiwa na Padre David Clement. Humo zimehifadhiwa ngoma za watemi, yaani machifu wa jadi, na mwongoza wageni atawaeleza ushindani wa Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wacheza ngoma ambavyo hushindana kwa ustadi, dawa na vituko vya kuvuta watazamaji. Wengi huondoka Mwanza bila kufika huko, jambo linalonisikitisha sana.

Kuhusu kuogelea, msiingie ziwani, kwa sababu konokono wa maji ya ufukweni hueneza kichocho. Tafuteni hoteli yenye bwawa.